Kusomewa Mapato na Matumizi: Historia ya Upatikanaji wa Taarifa za Fedha za Serikali za Mitaa Tanzania Bara, 1926–2021

1.0 Utangulizi

Katika vijiji vingi vya Tanzania Bara, mgogoro kati ya wananchi na viongozi wao huanza kwa kauli moja: "hatujasomewa mapato na matumizi." Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba uzito wake wa kihistoria hupita bila kuonekana. Msemaji hadai kupewa daftari alikague, wala hadai tangazo libandikwe ukutani. Anadai kusomewa. Kitenzi hicho kinabeba mahusiano ya watu wawili: yupo anayesoma, naye ana wajibu wa kusimama mbele ya watu; na yupo anayesomewa, naye ana haki ya kusikia, kuuliza na kukataa. Kwa hiyo, ndani ya neno moja la kawaida imo nadharia nzima ya uwajibikaji, ambayo sheria za nchi zimeikaribia kwa hatua za polepole na kwa kurudi nyuma mara kwa mara.

Insha hii inachunguza historia ya upatikanaji wa taarifa za fedha za serikali za mitaa Tanzania Bara tangu kuundwa kwa hazina za wenyeji chini ya utawala wa Waingereza hadi mwaka 2021. Hoja yake kuu ni kwamba vitendo vitatu vinavyohusu hesabu za umma havikukua kwa kasi moja. Kitendo cha kwanza ni kuandika hesabu. Cha pili ni kuzikagua. Cha tatu ni kuwasomea wenye mali. Kuandika na kukagua viliimarishwa katika kila kipindi kwa sababu vilihitajiwa na mamlaka ya juu. Kusomea kulitambuliwa na sheria, lakini utekelezaji wake uliachwa kwa kiasi kikubwa kwenye hiari ya yule anayepaswa kuwajibika. Zaidi ya hayo, pale taarifa zilipotolewa, mara nyingi zilitolewa katika ngazi ambayo si ile anayoishi mwananchi. Jumla ya halmashauri ilichapishwa, ilhali swali lilihusu zahanati ya kijiji.

Mjadala umepangwa kwa kufuata mfuatano wa vipindi: ukoloni, miaka ya uhuru hadi kufutwa kwa halmashauri, sheria za mwaka 1982, maboresho yaliyoanza mwaka 1998, nafasi ya ukaguzi wa nje, na hatimaye zama za mifumo ya kielektroniki.

2.0 Hazina za Wenyeji na Hesabu za Bwana Shauri, 1926–1961

Gavana Donald Cameron alipoasisi utawala usio wa moja kwa moja Tanganyika, msingi wa kisheria ulikuwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926. Machifu na watemi walitambuliwa kuwa mamlaka halali za maeneo yao, na kila mamlaka ilitarajiwa kuwa na hazina yake. Ushuru na kazi ambazo zamani watawala wa jadi walipewa moja kwa moja na watu wao viligeuzwa kuwa sehemu ya kodi ya fedha taslimu, na sehemu ya kodi hiyo ikarudishwa kwenye hazina ya mwenyeji ili kulipia mishahara, mabaraza na huduma chache.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kwa upande wa hesabu. Kabla yake, mtu aliyempelekea mtawala nafaka au kumlimia shamba aliona kwa macho yake kilichotolewa, na kwa kiasi fulani aliona pia kilichorudi, kwa mfano chakula cha wakati wa njaa au ng'ombe wa karamu. Haki hiyo haikuandikwa popote, wala haikuwa sawa kwa wote, lakini mali yenyewe ilikuwa kitu kinachoonekana. Fedha ilipoingia katika sanduku la hazina, kilichobaki mikononi mwa mlipaji kilikuwa stakabadhi. Yaliyofuata yaliandikwa katika daftari. Makisio ya hazina yalipitiwa na ofisa wa wilaya, aliyejulikana kwa wengi kama Bwana Shauri, kisha yakapelekwa kwa mkuu wa jimbo kwa idhini. Mkaguzi alikuwa Mwingereza, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa serikali iliyoko Dar es Salaam. Mlipa kodi hakuwa na nafasi katika mnyororo huo isipokuwa mwanzoni mwake.

Sehemu kubwa ya matumizi ya hazina hizo ilikwenda kwenye mishahara ya machifu na watumishi wao. Jambo hilo ni muhimu kwa historia inayojadiliwa hapa, kwa sababu lilimfanya msimamizi wa hesabu kuwa pia mnufaika wake mkuu. Kuwasomea watu hesabu za aina hiyo kungekuwa sawa na kuwasomea mshahara wa mtawala.

Mvutano uliosababishwa na mpangilio huo ulidhihirika wazi Upareni. Katika miaka ya 1940 ilianzishwa kodi ya nyongeza iliyoitwa mbiru, iliyokusudiwa kuongeza mapato ya hazina ya wenyeji. Kodi hiyo haikuwa ya kiwango kimoja kwa wote; ilitozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same, yalipo makao makuu ya wilaya, wakadai ifutwe. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika kitabu kuhusu tukio hilo mwaka 1971, anaonesha kwamba watu hao hawakukataa kulipa kodi ya kawaida. Walichokipinga ni namna ya kukadiria. Mtu alijua kiasi alichotakiwa kulipa, lakini kigezo kilichomfikisha kwenye kiasi hicho kilibaki mikononi mwa wakadiriaji. Hatimaye serikali iliachana na utaratibu huo. Mbiru, kwa hiyo, inaweza kusomwa kama moja ya madai ya awali ya taarifa za fedha za serikali ya mtaa nchini, ingawa waliohusika hawakutumia lugha hiyo: walikataa kutozwa kwa hesabu wasioielewa.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilikusudiwa kubadili mamlaka za machifu taratibu ziwe mabaraza yenye wajumbe. Hata hivyo, utekelezaji wake uligubikwa na suala la uwakilishi wa rangi. Mwaka 1958 huko Geita, wananchi walipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi hadi mpango huo ukaachwa. Katika mazingira ya kupigania uhuru, swali la nani atawale lilitangulia swali la nani asomewe hesabu. Ilidhaniwa kwamba la kwanza likijibiwa, la pili litajijibu lenyewe.

3.0 Uhuru, Madaraka Mikoani na Kutoweka kwa Daftari, 1961–1982

Baada ya uhuru, utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikachukua majukumu ya elimu ya msingi, barabara ndogo, zahanati na maji. Majukumu yaliongezeka haraka kuliko mapato. Mwaka 1969 serikali kuu ilifuta kodi ya mitaa, iliyokuwa mhimili wa mapato ya halmashauri za vijijini, na kuzifanya zitegemee ruzuku. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyingi zilikuwa taabani kifedha.

Jibu lililotolewa lilikuwa kuzifuta. Chini ya sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na zile za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Mikoa na wilaya zilisimamiwa na maofisa wa serikali kuu, na bajeti ya maendeleo ikapangwa kupitia mkoa. Sera hiyo ilielezwa kuwa ni kuwasogezea wananchi madaraka, na kwa upande wa mipango ilileta wataalamu karibu zaidi na vijiji. Kwa upande wa hesabu, ilifuta kabisa kitu ambacho mwananchi angeweza kudai kusomewa. Hapakuwa tena na hazina ya wilaya yenye mapato yake, makisio yake na mizania yake. Kulikuwa na fungu la mkoa katika vitabu vya Hazina, na msomaji wake alikuwa Bunge na Wizara.

Kipindi hicho hakipaswi kuelezwa kama cha ukimya mtupu. Vijiji vilivyoandikishwa chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 vilikuwa na serikali zao na mikutano mikuu yao, na shughuli za pamoja, kama shamba la kijiji, duka na mashine ya kusaga, zilizalisha hesabu ambazo wanakijiji walizifahamu kwa ukaribu. Inaelekea kwamba ni katika mikutano hiyo ndipo utamaduni wa "kusoma mapato na matumizi" ulipopata sura inayojulikana leo. Kinachoshangaza ni pengo lililokuwapo: kijiji kilikuwa na hesabu za kusomwa, taifa lilikuwa na hesabu za kujadiliwa, lakini wilaya, ambako maamuzi mengi juu ya huduma yalifanyika, haikuwa na daftari la umma.

Matatizo ya huduma mijini yalilazimisha kurejeshwa kwa halmashauri za miji kwa sheria ya mpito ya mwaka 1978. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa kulikuwa miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia.

4.0 Sheria za Mwaka 1982: Haki Iliyoandikwa

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha mfululizo wa sheria zilizorejesha serikali za mitaa: Sheria Na. 7 kuhusu mamlaka za wilaya, Na. 8 kuhusu mamlaka za miji, na Na. 9 kuhusu fedha. Halmashauri za wilaya zilianza kazi tena mwaka 1984, na mwaka huohuo serikali za mitaa zikaingizwa katika Katiba.

Kwa mada hii, sheria iliyo muhimu zaidi ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9. Kifungu cha 49 kinaitaka kila mamlaka kuchapisha, katika ofisi zake na kwa namna nyingine itakayoelekezwa, mizania na muhtasari wa hesabu zilizokaguliwa pamoja na taarifa ya mkaguzi, ndani ya miezi sita. Kwa maneno mengine, tangu mwaka 1982 suala la iwapo wananchi wanastahili kuona hesabu za halmashauri yao lilikwisha kuamuliwa. Wajibu haukutokana na shinikizo la wafadhili wa miaka ya 1990 wala na teknolojia ya miaka ya 2000. Ulikuwamo katika sheria iliyotungwa na Bunge la chama kimoja.

Iwapo haki iliandikwa mapema hivyo, ni kwa nini ilichelewa kuonekana? Sababu tatu zinajitokeza katika muundo wa sheria yenyewe na mazingira yake.

Kwanza, kinachotakiwa kuchapishwa ni hesabu zilizokaguliwa. Ukaguzi ukichelewa, uchapishaji nao huchelewa, na hesabu za mwaka uliopita humfikia mwananchi wakati mradi umekwisha au umekwama. Taarifa ya aina hiyo ina thamani kwa mtafiti kuliko kwa mzazi anayetaka kujua kama fedha za darasa zimefika muhula huu.

Pili, mizania ni andiko la kitaalamu. Imepangwa kwa mafungu na vifungu vya kihasibu, na kwa muda mrefu ilitayarishwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa lugha ya sheria zenyewe. Kuibandika mlangoni pa ofisi ya halmashauri kulitosheleza matakwa ya kifungu bila kumwelimisha aliyesimama mbele yake.

Tatu, ngazi ya taarifa haikulingana na ngazi ya maisha. Sheria Na. 7 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, mamlaka ya juu katika kijiji, na mikutano ya kawaida hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mahali pa kusomewa. Lakini hesabu zinazosomwa hapo ni za kijiji, kwa kawaida michango na ada ndogondogo, wakati fedha nyingi zinazoamua hali ya shule na zahanati zimo katika hesabu za halmashauri. Mwananchi alipewa jukwaa katika ngazi moja na taarifa katika ngazi nyingine.

Pengo hilo lilikuwa chungu zaidi kwa sababu ya Kodi ya Maendeleo, iliyotozwa watu wazima na kusimamiwa kwa ukali. Katika maeneo mengi mgambo waliweka vizuizi barabarani na kudai stakabadhi, na asiyekuwa nayo alikamatwa. Serikali ya mtaa ilionekana kuwa na macho makali ya kumsoma mlipaji, wakati mlipaji hakuwa na njia ya kuisoma serikali hiyo. Tafiti za ukusanyaji wa kodi za halmashauri, zikiwamo za Odd-Helge Fjeldstad, zilionesha kwamba ukwepaji ulihusiana kwa kiasi kikubwa na imani ya walipaji kuwa fedha zao hazikurudi kama huduma. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

5.0 Maboresho, Ruzuku na Mbao za Matangazo, 1998–2008

Waraka wa sera ya maboresho ya serikali za mitaa wa mwaka 1998 ulitangaza azma ya ugatuaji wa madaraka, ukiwamo ugatuaji wa fedha. Kufutwa kwa Kodi ya Maendeleo miaka mitano baadaye kulibadili mizani. Halmashauri ziliendelea kutegemea ruzuku kwa sehemu kubwa sana ya bajeti zao, na kuanzia mwaka 2004 serikali ilianza kugawa baadhi ya ruzuku kwa kanuni maalumu zinazozingatia mambo kama idadi ya watu na umaskini.

Badiliko hili lilibadili pia swali la mwananchi. Hapo awali aliuliza: fedha yangu imekwenda wapi? Sasa alipaswa kuuliza: Hazina imetuletea kiasi gani, na kimeishia wapi? Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu mwulizaji hana stakabadhi mkononi. Hajui kiasi kilichotoka isipokuwa ameambiwa. Kwa hiyo, uchapishaji wa taarifa za ruzuku ulianza kupewa uzito mpya. Wizara ya Fedha ilichapisha magazetini mgawo wa fedha uliopelekwa kwenye halmashauri, na chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa miaka 2002 hadi 2006, shule zilielekezwa kuweka wazi fedha zilizopokewa, huku kamati za shule zikipewa jukumu la kuzisimamia.

Mfano uliotajwa mara nyingi kuhalalisha njia hii ulitoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1996 uliohusisha shule za msingi 250 ulibaini kwamba, kati ya mwaka 1991 na 1995, shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyokusudiwa kugharimia mahitaji yasiyo ya mishahara. Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini fedha zilizopelekwa wilayani na kuzitaka shule kubandika taarifa. Kufikia mwaka 2001 kiasi kilichofika shuleni kilizidi asilimia 80. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walieleza mafanikio hayo kwa nguvu ya taarifa. Baadaye, mwaka 2007, Paul Hubbard alionya kwamba katika miaka hiyohiyo Uganda ilibadili pia mfumo wa upelekaji fedha na kuanzisha elimu ya msingi kwa wote, hivyo gazeti pekee halikuweza kubeba sifa yote. Onyo hilo lina umuhimu kwa Tanzania. Taarifa hufanya kazi pale inapokutana na mtu mwenye sababu ya kuuliza na mamlaka inayolazimika kujibu. Ikikosa kimoja kati ya hivyo, hubaki karatasi.

Utafiti wa wananchi uliofanywa na REPOA na washirika wake mwaka 2003 na 2006 katika halmashauri sita, yaani Bagamoyo, Ilala, Iringa, Kilosa, Moshi na Mwanza, ulithibitisha wasiwasi huo. Walio wengi walisema hawajawahi kuona taarifa za mapato na matumizi ya halmashauri yao. Hali iliboreka kiasi kati ya miaka hiyo miwili, lakini pengo lilibaki kubwa. Ripoti za jumla za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu za mwishoni mwa muongo huo nazo ziliendelea kutaja halmashauri ambazo hazikuchapisha hesabu zake kama kifungu cha 49 kinavyoagiza. Robo karne baada ya sheria kutungwa, kuitekeleza kulikuwa bado jambo la kuhojiwa.

6.0 Ukaguzi wa Nje na Umaarufu wa "Hati Safi"

Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kukagua hesabu za umma angalau mara moja kwa mwaka na kuwasilisha taarifa kwa Rais, naye huhakikisha zinafikishwa bungeni. Sheria ya Ukaguzi wa Umma Na. 11 ya mwaka 2008 iliimarisha ofisi hiyo. Bungeni, hesabu za halmashauri hupitiwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Chini ya Ludovick Utouh, aliyeshika wadhifa huo kuanzia mwaka 2006 hadi 2014, ripoti za ukaguzi ziligeuka kuwa tukio la kitaifa la kila mwaka. Mijadala ya ripoti hizo bungeni ilifikia kilele mwezi Aprili 2012, na mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete akabadili Baraza la Mawaziri. Kwa mara ya kwanza, maelezo ya manunuzi yasiyofuata utaratibu, watumishi hewa na stakabadhi zilizokosekana katika halmashauri fulani yalisikika redioni kwa Kiswahili, na mkazi wa halmashauri hiyo aliweza kuitambua kwa jina.

Msamiati wa ukaguzi nao ukaingia mitaani. "Hati safi," "hati yenye shaka" na "hati chafu" zikawa maneno ya kawaida ya siasa. Hata hivyo, umaarufu huo ulileta upotoshaji wake. Kwa mhasibu, hati safi inamaanisha kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonesha hali halisi ya fedha katika mambo yote ya msingi. Haimaanishi kwamba kila shilingi ilitumika kwa busara, wala kwamba kisima kilichoandikwa kinatoa maji. Katika majukwaa ya kisiasa, hati ilisomwa kama cheti cha uadilifu. Halmashauri iliyopata hati safi iliweza kuitumia kunyamazisha maswali ambayo ukaguzi wenyewe haukuyajibu, na mengi kati ya maswali hayo yalikuwa katika kurasa za ndani za ripoti ileile.

Vilevile, ukaguzi wa nje uliimarisha mwelekeo wa uwajibikaji kwenda juu. Mkurugenzi aliitwa mbele ya kamati ya Bunge akajieleza. Hakuitwa kwa nguvu ileile mbele ya wananchi wa kata. Mkazi alijua kwa njia ya redio kwamba halmashauri yake imekosea. Hakupata kwa njia hiyo nafasi ya kuuliza kosa hilo lilimgusaje yeye.

7.0 Mifumo ya Kielektroniki na Haki ya Kupata Taarifa, 2011–2021

Muongo wa 2010 ulianza kwa ahadi. Mwaka 2011 Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikuwa yamekwisha kupanua haki ya kupewa taarifa katika Ibara ya 18, na mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6, inayompa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma na kuitaka taasisi kujibu ndani ya siku 30. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika mpango huo wa kimataifa. Mwaka huohuo wa 2017, tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa utaratibu mmoja.

Sambamba na hayo, hesabu za halmashauri zilihama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Mashine za kukusanyia mapato zilichukua nafasi ya vitabu vya stakabadhi sokoni na kwenye vizuizi vya mazao. Kuanzia Januari 2016, kufuatia sera ya elimumsingi bila malipo, ruzuku ya shule ilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Baadaye mfumo wa uhasibu wa vituo vya huduma uliziwezesha shule na zahanati kuandika mapato na matumizi yake katika muundo mmoja nchi nzima.

Kihistoria, hatua hiyo ya mwisho ina maana kubwa. Pengo la ngazi lililoelezwa katika sehemu ya nne, yaani jumla ya halmashauri dhidi ya swali la zahanati, lilikuwa kwa muda mrefu tatizo la uwezo. Taarifa za kila kituo hazikuwapo katika sura inayoweza kukusanywa. Sasa zipo. Iwapo hazimfikii mwananchi, sababu si tena ugumu wa kuziandaa. Mifumo hii ilijengwa kwanza kwa ajili ya mhasibu, mkurugenzi, TAMISEMI na Hazina. Dirisha la umma lilikuja baadaye na likawa dogo. Mtiririko wa Bwana Shauri, kutoka chini kwenda juu, umerudiwa kwa chombo chenye kasi zaidi.

Umuhimu wa dirisha hilo unaonekana katika mifano miwili. Wa kwanza ni utaratibu wa kurejesha vijijini asilimia 20 ya mapato ya ndani ya halmashauri, uliotarajiwa kufidia vyanzo vilivyofutwa. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kujua kama amepunjwa asilimia hiyo bila kujua jumla ambayo asilimia inatokana nayo. Mfano wa pili ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa ili asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kwa makundi hayo kwa mgawanyo wa asilimia 4, 4 na 2. Kikundi cha kina mama kilichoambiwa kwamba fedha zimekwisha kina haki inayotegemea tarakimu ambayo hakijaioneshwa. Katika hali zote mbili sheria au sera imetoa sehemu ya jumla, na anayeijua jumla ndiye anayedaiwa sehemu.

Suala la lugha nalo lilipata mwelekeo mpya. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alikwisha kuanza kutoa ripoti zake kwa Kiswahili pia, na mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Hata hivyo, tafsiri ya neno kwa neno ya mizania haimfanyi msomaji kuielewa. Kinachohitajika ni maelezo ya fedha yanayopangwa kwa kituo na kwa huduma: kiasi kilichoidhinishwa, kilichopokewa, kilichotumika na kilichobaki.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba ukosefu wa taarifa za fedha za serikali za mitaa haukutokana na ukosefu wa sheria. Wajibu wa kuchapisha umekuwapo tangu mwaka 1982, na wajibu wa kukutana na wanakijiji umekuwapo pamoja nao. Kilichokosekana ni kiungo kati ya viwili hivyo. Hesabu za halmashauri zilichapishwa mahali pasipo na mkutano, na mikutano ilifanyika mahali pasipo na hesabu za halmashauri.

Aidha, kila kipindi kilikuwa na msomaji wake anayependelewa. Enzi za ukoloni alikuwa ofisa wa wilaya. Enzi za Madaraka Mikoani, Wizara. Enzi za maboresho, Hazina na wafadhili. Na baada ya mwaka 2008, Bunge. Wote hao walikuwa wasomaji halali, na kila mmoja aliboresha uandishi wa hesabu. Lakini mlipa kodi wa Same mwaka 1945 na mwanakikundi wa mkopo wa asilimia 10 miongo saba baadaye wanafanana katika jambo moja: wote wawili wanaguswa na hesabu iliyopigwa bila wao kuiona.

Kwa watunga sera, funzo linalofuata ni la kiutaratibu zaidi kuliko la kiteknolojia. Taarifa za kila shule na zahanati, ambazo tayari zimo katika mifumo, zinaweza kuwekwa kuwa ajenda ya lazima ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kila baada ya miezi mitatu, zikisomwa na ofisa wa halmashauri aliye tayari kuulizwa, na maswali yakaandikwa katika muhtasari unaorudi kwenye Baraza la Madiwani. Hilo halihitaji haki mpya. Linahitaji kifungu cha 49 kitafsiriwe kwa maana ambayo wanakijiji wamekuwa wakiitumia siku zote. Taarifa ya fedha haijatolewa ilipobandikwa. Imetolewa iliposomwa mbele ya wenye mali, nao wakapata nafasi ya kusema kwamba hawajaridhika.